Wakuu, bildi yangu inakufa kila usiku, nihamie seva ya kukodi?

Korosho_Mbichi (Masasi): Habari za jioni wakuu. Natengeneza kifaa cha kupima joto na unyevu ndani ya ghala la korosho, kinatumia Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Mfumo wake naujenga kwa Yocto (zana za kujenga Linux ya kifaa), na bildi, yaani kazi za kuujenga, naziendesha kwa Toaster, ule ukurasa wake wa kwenye kivinjari, maana mistari ya BitBake, injini inayojenga, kwenye skrini nyeusi inanichosha macho. Leya (fungu la maelekezo) ya meta-raspberrypi ipo, core-image-minimal, ule mfumo mdogo wa kuanzia, ilipita vizuri. Sasa ile yenye programu zangu na Qt (ya kuchora skrini) naianzisha saa 6 usiku, mchana laptop iko stationari kazini. Nikiamka nakuta haijaisha. Leo usiku wa nne. Mteja anapiga simu kila siku. Nikodi seva?

Fundi_Ligula: Diski ikoje? Mwongozo wa Yocto 5.0 unataka gigabaiti 90 zikiwa wazi. Zikibaki chini ya 1, local.conf ya kawaida (faili la mipangilio) inaizuia BitBake kuanzisha kazi mpya. Weka INHERIT += "rm_work" ifute mabaki ya kila kifurushi kikishajengwa. Na ukikuta "Killed signal terminated program cc1plus", ramu imeisha; shusha BB_NUMBER_THREADS na PARALLEL_MAKE, kazi chache ziende kwa pamoja.

Mama_Mikindani: Umeme huo mwanangu. Mwaka jana friji yangu iliungua ikiwa imejaa changu na tasi, nikauza asubuhi kwa bei ya kutupa. Nunua betri kwanza.

Korosho_Mbichi: Diski 240 wazi, ramu 16. Umeme haukukatika mama, feni ilizunguka mpaka asubuhi.

Fundi_Ligula: Hata ungekatika, sstate-cache inatunza kazi zilizokwisha, huanzi sifuri. Toaster imeandika nini hasa? Makosa mangapi?

Korosho_Mbichi: Makosa hamna. Imeandika bildi imesitishwa.

Fundi_Ligula: Kumbe! Kusitishwa si kufa. Kuna mtu amebonyeza kitufe. Ukurasa umemfungulia nani?

Korosho_Mbichi: Niliuanzisha na webport=0.0.0.0:8000, yaani wazi kwa vifaa vingine kwenye mtandao, ili mwenzangu aone kazi inavyokwenda. Si kosa, mwongozo wenyewe unaruhusu.

Fundi_Ligula: Unaruhusu, ila hapo hakuna nywila. Anayeufikia ukurasa anaanzisha, anasitisha, anabadili leya kama wewe.

Kijana_Nachingwea: Hii chai. Raota ya laini ya simu kwa kawaida haina anwani yake ya umma, huyo "mwenzako" wa nje anaingiaje? Weka picha.

Mzee_wa_Newala: Na mimi nimeanza kushtuka. Wiki iliyopita tulimlilia mtu humu, kumbe katunga.

Korosho_Mbichi: Si chai. Hayupo nje. Analala chumba cha uani, Wi-Fi ni moja. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Picha siweki, jina la mteja ndilo jina la mradi. Juzi ilisitishwa saa 8:10, jana saa 8:25. Saa 8 ndiyo anatoka lindo. Laptop tulichangia nusu kwa nusu. Malipo ya awali yalipoingia nikamwambia tutahesabu kazi ikiisha. Ndiyo maana nauliza seva. Na mwezi mmoja wa seva nimeshalipia.

Mama_Mikindani: Ulimpa ngapi?

Korosho_Mbichi: Elfu 50.

Mama_Mikindani: Katika ngapi?

Korosho_Mbichi: Milioni moja na laki mbili. Lakini mama, vihisio vyote nimenunua mimi, na usiku nakesha mimi.

Mama_Mikindani: Basi andika hivyo vihisio kwenye daftari, naye avione. Unamkimbiaje mtu mnayechota maji ndoo moja?

Mzee_wa_Newala: Mimi na mdogo wangu tuligombania mikorosho kumi na moja mpakani. Miaka sita hatukusalimiana. Siku tuliyokaa chini kuhesabu, ilichukua asubuhi moja tu.

Kijana_Nachingwea: Nafuta neno chai. Samahani kaka.

Fundi_Ligula: Usiku huu fanya hivi: source toaster stop, halafu source toaster start bila webport. Itasikiliza kwenye laptop yako peke yake. Ikipita, utajua ni nani. Seva haikuwa inahitajika. Hela kaongee naye.

Korosho_Mbichi: Wakuu, imepita. Zilizobaki zimechukua saa tatu na kidogo, makosa sifuri. Saa 8 na robo nilisikia mlango wa uani. Akakaa kwenye kizingiti bado na koti la lindo, simu inamulika uso, kidole kinavuta ukurasa chini, anaachia, anavuta tena. Mwisho akagonga dirisha taratibu: "Shemeji, mbona haufunguki?" Nimemwambia aingie ndani. Mke wangu kaamka, ameleta daftari.