Datsun 240Z kwenye mashindano ya masafa marefu kaskazini mwa Kanada: nitayarishe nini kabla haijapakiwa Mombasa?

Mpwa wa Lang'ata ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninayo Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyorithi kwa mjomba, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ingawa hii yangu haijawahi kubandikwa namba ya mashindano. Injini ni ile ya kiwandani, silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili. Bodi haina kutu ya kutisha, na huwa naipeleka Magadi na Nanyuki bila shida kubwa.

Binamu yangu anayeishi Vancouver amenishawishi tuiingize katika Alcan 5000, mashindano yaliyoanza mwaka 1984, ambayo huanzia jimbo la Washington nchini Marekani na kupanda kaskazini kwa umbali wa takriban maili elfu tano. Kuna awamu za majira ya baridi na za majira ya joto. Sisi tunataka ya majira ya joto, hasa njia ikipitia barabara ya Dempster, inayovuka Duara la Aktiki hadi mji wa Inuvik. Ninachouliza ni hiki: je, matayarisho tunayomfanyia mtu anayekwenda Marsabit na North Horr yanatosha, au kuna mambo ya kule ambayo fundi wa Nairobi hana sababu ya kuyawazia? Kazi yote ya gereji ningependa ifanyike huku, ambako fundi namjua na bei yake naijua.

Spana Kumi na Tatu amejibu:

Hongera kwa kuitunza mali ya mjomba. Nitaanza na kabureta, kwa kuwa hapo ndipo injini inapoweza kufa kimya kimya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Fundi yeyote anayejua kazi atakuwa amepunguza petroli ili injini isitoe moshi mweusi. Gari hilo hilo likishushwa bandarini Vancouver, kila pumzi ya injini inabeba hewa nyingi zaidi, petroli inakuwa haba, na pistoni zinapata joto zisilostahili. Kabureta zako, kama bado ni zile za Hitachi za mtindo wa SU, zina nati chini yake ya kushusha au kupandisha jeti, yaani kijitundu kinachopitisha petroli. Usizirekebishe hapa. Jifunze kuzirekebisha mwenyewe, kisha ukifika kule uendeshe kidogo, uzime injini, utoe plagi na uangalie rangi: kahawia hafifu ni salama, nyeupe inamaanisha jeti ishushwe zaidi.

Jambo la pili ni maji. Wengi wetu tunajaza rejeta maji ya bomba, na Nairobi hilo halimuui mtu. Mwishoni mwa Agosti kule kaskazini usiku unaweza kushuka hadi chini ya sifuri, kwa hiyo safisha mfumo mzima na ujaze dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Mchanganyiko huo huvumilia hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Angalia pia ile mipira midogo inayopeleka maji ya moto kwenye kabureta na manifoldi. Mafundi wa hapa huiziba kwa sababu joto tunalo la kutosha, lakini katika hewa baridi yenye unyevu kabureta huweza kufanya barafu kooni na injini ikaanza kukohoa bila sababu inayoonekana. Irudishe. Rudisha na hita ya ndani, ambayo nina hakika mjomba aliikata.

Baba Kui amejibu:

Kwa gharama ya kontena peke yake ungekwenda Loiyangalani kupitia Chalbi na kurudi, ukabaki na pesa za tairi. Vumbi ni vumbi.

Aliyekaa Whitehorse amejibu:

Mzee Baba Kui, vumbi si vumbi. Nimeishi Yukon, eneo la kaskazini-magharibi mwa Kanada, na kuiendesha Dempster majira yote mawili, na ningependa kueleza inavyotofautiana na barabara zetu.

Inachepuka kutoka barabara ya lami kilomita 40 hivi mashariki ya Dawson City, na kutoka hapo hadi Inuvik ni kilomita zipatazo 740 za changarawe; tangu Novemba 2017 inaendelea kilomita nyingine 138 hadi Tuktoyaktuk, kwenye bahari yenyewe. Chini yake kuna ardhi iliyoganda daima, kwa hiyo waliojenga waliinua tuta la changarawe, sehemu nyingine zaidi ya mita mbili, ili joto la barabara lisiyeyushe barafu. Matokeo yake ni kwamba kando ya barabara mara nyingi hakuna bega la kuegemea bali mteremko tu, na dereva aliyezoea kumpisha lori kwa kutoa magurudumu mawili nje, kama tufanyavyo huku, atajikuta amelala kwa ubavu.

Mawe yake ni ya tabaka, yenye makali, nayo hayatoboi tairi bali huichana. Chukua tairi za inchi 14 zenye kuta nene, na tairi za akiba mbili, kwa sababu usitarajie duka la Inuvik likuwekee saizi ya gari la mwaka 1972. Ukikutana na trela, punguza mwendo kabisa. Ni mawe ya magurudumu yake yanayovunja vioo na taa, kwa hiyo weka wavu mbele ya taa na mbele ya rejeta.

Ili kutuliza vumbi, barabara hunyunyiziwa chumvi ya kalsiamu. Ikikauka inakuwa ngumu na nzuri, ila mvua ikinyesha inageuka utelezi ambao gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma halitaupenda. Tope lake hujipaka ndani ya rimu na kukauka huko, kisha ukifika kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Watu wamefungua beringi bure barabarani kumbe ni tope la upande mmoja. Beba bisibisi pana ya kulikwangua kila mnaposimama, na mfikapo kwenye mji lioshe gari kwa maji ya mashine hadi chini ya tumbo, maana chumvi hiyo haitaisamehe bodi ya Datsun.

Petroli: kutoka njia panda ya Dempster hadi kituo cha petroli cha Eagle Plains ni kilomita 369. Tangi lako la lita 60 litafika, lakini beba lita 20 za ziada, nazo usiziweke ndani. Buti la 240Z halina ukuta wa kulitenga na viti, na mvuke wake mtauvuta nyinyi. Mbele ya hapo kuna mito miwili, Peel na Mackenzie, ambayo majira ya joto huvukwa kwa feri zisizotoza chochote. Aliyezoea Likoni hatakosa subira. Taa za mbele ziwake mchana kutwa, ndiyo sheria ya Yukon. Mbu ni wengi kupita kiasi, ingawa hawana malaria.

Msoma Ramani amejibu:

Naona wote mmezungumzia gari, na hakuna aliyetaja mashindano yenyewe. Alcan si mbio za kasi. Mwandalizi anakupa wastani wa mwendo kwa kila kipande, anaficha vituo vya ukaguzi, na unapoteza alama ukiwahi sawasawa na unavyopoteza ukichelewa, na hesabu ni ya sekunde. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, kila kilomita moja ni sekunde 72 kamili. Sasa chukua kipima umbali kinachozidisha asilimia mbili tu: baada ya kilomita 50 kimekudanganya kilomita nzima, na hapo alama zako zimekwisha.

Kwa hiyo tairi zile nene alizozisema ndugu wa Whitehorse zifungwe Nairobi, na kipima umbali kipimwe zikiwa zimefungwa, kwa upepo ule ule mtakaotumia. Asubuhi ya mashindano ya aina hii kwa kawaida kuna kipande cha kulinganisha kipima chako na cha mwandalizi; binamu asilale hapo. Vitabu vya njia vya Wamarekani huwa kwa maili, na mabango ya Kanada ni ya kilomita, basi amueni mapema mtahesabu kwa kipi.

Jambo moja la nyongeza: usukani wako uko kulia na kule watu huendesha upande wa kulia. Wewe hutaona gari linalokuja unapotaka kulipita lori. Binamu ndiye atakayeona, akiwa ameinamia karatasi za hesabu. Kubalianeni kwamba hampiti gari lolote mpaka aseme neno moja mlilolichagua, na asiposema, mnabaki nyuma mkila vumbi hata kama sekunde zinakwenda.

Mpwa wa Lang'ata ameandika tena:

Nawashukuru sana. Hita ilikatwa kweli, Spana, na mipira ya kabureta imezibwa kwa bolti. Tairi nimekwisha kuagiza. Limebaki swali moja: nikifungua mlango wa nyuma baada ya barabara ya Magadi, vumbi limejaa mpaka kwenye mikanda ya viti. Je, hilo ni la kuvumilia?

Spana Kumi na Tatu amejibu:

Hapana, na si kwa ajili ya vumbi. Panapoingia vumbi ndipo unapoingia moshi wa ekzosi, na 240Z inajulikana kwa ugonjwa huo. Huku unafungua dirisha, lakini kule mtakuwa mmefunga vioo na kuwasha hita kwa saa nyingi, na mwenye kupiga hesabu ataanza kuumwa kichwa bila kujua kwa nini. Weka karatasi juu ya mpira wa mlango wa nyuma, funga, halafu ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umekwisha. Fanya hivyo kuzunguka mlango wote, kisha fungua taa za nyuma na ubadilishe mipira yake pia, maana hapo ndipo wengi hawaangalii. Ukimaliza, mwambie mtu asimame nje nyuma ya gari na tochi usiku, nawe uwe ndani: popote utakapoona mwanga, paka gundi ya mpira.