"Tulia, Mungu anatawala": kutulia kunafanywaje hasa? Naomba ushauri

Mama_Isyesye:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Huku Mbeya Desemba inakatika, mvua za kusuasua, mbegu zipo ndani na deni la mbolea linasubiri. Kanisani jibu ni moja: tulia, Mungu anatawala. Sawa, naamini. Ila naomba mnieleze kwa vitendo: mtu anakaaje, dakika ngapi, anafanya nini mawazo yakikimbia? Na atajuaje kwamba ametulia, si kwamba amezembea?

Mzee wa Loleza:
Asifiwe sana, mama. Tuanze na neno lenyewe. Zaburi 46:10 wengi tunaikariri "tulieni", lakini Biblia ya Union imeandika: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Waliotafsiri walilenga, maana neno la Kiebrania pale ni kulegeza mikono, kuachia ulichokishika. Na mstari wa 9 unazungumzia vita kukomeshwa na upinde kuvunjwa. Kwa hiyo kinachoulizwa si umekaa kimya kiasi gani. Kinachoulizwa ni mkononi umeshika nini ambacho si chako.

Chukua daftari, piga mstari katikati. Kushoto andika ya kwako: kutayarisha shamba, kupanda mahindi kwa nafasi ya sm 75 kwa 30, kwenda kuongea na anayekudai kabla tarehe haijafika. Kulia andika yasiyo yako: mvua, bei ya gunia, moyo wa anayekudai. Ya kushoto yafanye. Ya kulia yataje mbele za Mungu moja moja, kisha funga daftari. Watu wengi huchoka kwa sababu wanahangaika na ya kulia huku ya kushoto yamelala.

Kihesa_Juu:
Mkuu kamaliza nadharia, mimi niongeze kukaa kwenyewe. Wiki ya kwanza dakika 5, usizidishe. Anayeanza na saa nzima, siku ya tatu anaacha. Alfajiri, kabla ya kushika simu, na simu ibaki chumba kingine. Kaa kwenye kigoda, jifunike blanketi (baridi ya nyanda hizi haina mchezo), usikae kitandani, utalala.

Soma Zaburi 62:1-8 taratibu, mara mbili. Angalia mstari wa 1 Daudi anasema nafsi yake yamngoja Mungu kwa kimya. Ukifika wa 5 anaiamuru nafsi hiyohiyo ingoje. Maana yake ilishaanza kuyumba njiani! Basi yako ikiyumba usishtuke. Wazo la deni likija, andika neno moja tu, "deni", rudi kwenye mstari. Ukianza kupigana nalo ndipo linapokukalia.

Halafu mstari wa 8 unasema tumfunulie mioyo yetu. Kulia kunaruhusiwa. Kinachoharibu ni kusubiri usikie msisimko. Usipousikia unadhani Mungu hayupo.

Mwalimu_wa_Jumapili:
Naomba nipinge kidogo, msije mkamfanya mama akae tu. Kutoka 14:14 tunaipenda: Bwana atawapigania, nanyi mtanyamaza kimya. Mstari unaofuata tunauruka! Mungu anamuuliza Musa mbona anamlilia, awaambie watu waendelee mbele. Kunyamaza na kutembea, mlemle.

Kosa la pili ni la mfalme Sauli, 1 Samweli 13. Alimngoja nabii Samweli siku 7 kweli, akaona watu wanatawanyika, akatoa sadaka isiyo kazi yake. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Kwenye kilimo ni kama kuweka mbolea ya kukuzia udongo ukiwa mkavu kwa sababu jirani ameweka. Hasara juu ya hasara. Ukiona unataka kuamua jambo kubwa kwa hofu, mfano kukopa tena ili kulipa deni la kwanza, lilaze usiku mmoja na umshirikishe mtu mmoja mwenye akili.

Na jamani, kutulia si kuacha dawa za presha. Usingizi ukikata wiki mbili mfululizo, nenda hospitali, endelea kuomba hukohuko.

Mzee wa Loleza:
Mwalimu, hapo hatupingani. "Waendelee mbele" ndiyo safu yangu ya kushoto.

Mama_Isyesye:
Asanteni, nimenakili. La mwisho: alfajiri mtoto anaamka na kulia. Nikatishe?

Kihesa_Juu:
Usikatishe, mpakate uendelee. Siku hiyo badilisha, soma Zaburi 131, ina mistari mitatu tu. Inataja mtoto *aliyeachishwa* kifuani mwa mama yake. Aliyeachishwa hatafuti tena maziwa, amekaa pale kwa sababu ni mama. Wako ameacha ziwa?

Mama_Isyesye:
Bado, ana miezi minane 😀

Kihesa_Juu:
Basi mnyonyeshe kwanza.