Tupeane uzoefu: kujifunza kuchora sura za watu kwa mazoezi ya kila siku

Mwanzisha mada, Pasiansi
Ndugu zangu, leo asubuhi nikisubiri kivuko cha Kamanga hapa Mwanza nimemwona kijana akimchora mama aliyekaa juu ya kiroba cha dagaa, nikakumbuka mwaka niliojiwekea sharti la kuchora sura moja kila siku kabla ya chai. Miezi miwili ya kwanza kila niliyemchora alitoka na paji fupi, kwa sababu niliyaweka macho juu, ilhali mahali pake ni katikati ya kichwa, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni. Mliopita njia hii, tupeane uzoefu.

Binti wa Igoma
Kweli kabisa. Hata mimi macho ndiyo yaliyonitesa.

Fundi wa Nyakato
Mimi ilinitesa rangi ya ngozi. Nilikuwa naitia kahawia nyeusi kila penye kivuli, na nyuso zikaonekana kama zimepakwa masizi. Jioni moja nilimtazama mvuvi aliyesimama kando ya maji, nikaona chini ya taya lake ubuluu uliotoka ziwani na shavuni wekundu. Tangu hapo tyubu ya nyeusi sijaifungua.

Mzee wa Bugando
Mwanangu, usiwatishe wanaoanza. Nyeusi ikichanganywa na njano hutoa kijani tulivu kinachofaa sana kwenye vivuli vya uso. Kosa ni kuitumia peke yake.

Fundi wa Nyakato
Shikamoo mzee. Nakuheshimu, lakini anayeanza akishaishika nyeusi hatafuti rangi nyingine.

Mkazi wa Kirumba
Naomba niseme langu, maana limenikaa moyoni. Familia moja ya ng'ambo, upande wa Sengerema, iliniomba nimchore baba yao aliyefariki, nami nikapewa picha ndogo ya pasipoti. Nilifanya kazi wiki tatu kwa rangi ya mafuta, nikapima kila kitu, kuanzia nafasi kati ya macho, ambayo ni upana wa jicho moja, hadi pembe za mdomo. Siku ya kuikabidhi, mjane aliiangalia kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye nyusi ya kushoto bila kuigusa rangi, akasema, "Mwanangu, huyu siye. Mume wangu alikuwa akilikunja jicho hili kwa sababu ya mwanga wa ziwa, hata akiwa ndani ya nyumba." Kisha akaigeuza picha ikatazama ukuta. Niliwarudishia fedha yote. Tangu siku hiyo nakwenda Mwaloni kila alfajiri na penseli na daftari, nawachora wauza dagaa dakika kumi kila mmoja, nikitafuta kile ambacho uso hufanya wenyewe usipojua unatazamwa.

Binti wa Igoma
Pole sana, kaka. Nimesoma mara mbili.

Mwalimu wa Nyegezi
Ndiyo maana nakataza kuchora kutoka kwenye picha za simu. Kama huna wa kukukalia, yaani kukaa mbele yako umchore, tumia kioo: mchoraji Mholanzi Van Gogh alijichora zaidi ya mara 35, kwa kuwa hakuwa na fedha za kuwalipa watu wamkalie.

Fundi wa Nyakato
Mwalimu, marehemu hakai mbele ya kioo. Picha ilikuwa lazima; kilichokosekana ni kumuuliza mjane maswali kabla ya kuanza.

Mama wa Ilemela
Rudi kwake, baba, umchore upya.

Mzee wa Bugando
Asirudi. Mwacheni mama wa watu na msiba wake.

Mkazi wa Kirumba
Asanteni wote. Nimempigia mjane simu leo. Amesema mwanawe wa kwanza hulikunja jicho lilelile kama baba yake, na amekubali kunikalia. Jumamosi navuka na penseli tu. Rangi nitaziacha nyumbani.