Artikle ya maneno 800 munaombaka ngapi?

MwandishiKadutu (Bukavu)
Wakubwa mambo. Kuna shirika moja iliniomba artikle ya kiswahili, maneno 800, juu ya bamama wenye kulima muhogo Kavumu. Wakaniuliza bei, mi nikajibu tu dola 15 juu niliogopa watanikimbia. Sasa sikieni: Kavumu nilienda mara mbili na moto (pikipiki), dola 8 ikaenda, mega za internet dola 3, nikaandika siku mbili, kisha wakairudisha mara tatu, "ongeza ushuhuda", "ushuhuda ni mingi", "badilisha kichwa", nikabaki na dola 4, ata sijahesabia ule usiku niliandika na tochi ya simu. Sasa mteja mwengine anataka nimupe bei kwa neno. 5 santimu ni mingi ao ni kidogo?

BirereBoy (Goma)
5 santimu mara 800 ni dola 40, inapita ile 15 yako mbali. Lakini ndugu, kwa neno kiswahili chenyewe kinakuibia. Andika "hatukuwaambia", ni neno moja. Mufaransa anaandika "nous ne leur avons pas dit", maneno sita, kazi ni ile ile 😂. Mi nilishtuka siku nilitafsiri ripoti ya kifaransa, kumaliza naona hesabu ya maneno imeshuka na pesa imeshuka nayo. Toka siku ile nahesabia alama, ni kusema herufi moja moja, ukurasa mumoja alama 1500 na nafasi ndani, njo kipimo ya mapigisti wa Ufaransa, wale waandishi wenye kulipwa kwa artikle, na kompyuta inakuhesabia yenyewe. Wakikazana na neno, sawa, lakini wahesabie neno za ile tekste ya kifaransa walituma.

Mama_Katuba (Lubumbashi)
Ata alama miye sipende sana. Kukata artikle ya 1200 ikuwe 600 kunanikamata masaa kupita kuiandika, sasa nilipwe nusu juu nimetumika zaidi? Miye ni forfe, bei moja kwa kazi yote. Nahesabia masaa ya kupiga simu, kuandika, kurekebisha, nazidisha na bei yangu ya saa. Transport na mega naviweka mustari yao, siyo ndani. Na naandika mu mesaji: marekebisho 2, ya tatu tunazungumuza bei. Nusu mbele. Mwenye anakatala nusu ya mbele, mara mingi njo ule ule atakusumbua kwa nusu ya nyuma.

Panzi_Kalamu (Bukavu)
Iyo yote ni muzuri ukiwa na wateja wa kuchagua. Hapa ukitaja 50 wanaenda kwa mwanafunzi wa 10. Mi nauliza kwanza "bajeti yenu ni ngapi?" kisha nanyamaza. Siku moja walitaja mara mbili ya ile nilikuwa nayo kichwani, nikakohoa kidogo nikasema "basi tutajikaza".

BirereBoy
😂😂 Na malipo, sema mapema itapitia wapi. Huku mabenki zilifunga Januari 2025, tukabaki na pesa ya simu, sasa makato ya kutoa yanalipwa na nani? Andika pale pale.

MwandishiKadutu
Asanti bakubwa. Nimehesabu kazi ya ule mteja mwengine, ni masaa 11. Nimemutumia forfe dola 45, transport mbali, marekebisho 2, makato kwao. Wamejibu 35. Nikasema 35 sawa, lakini watu nawahoji kwa simu, siendi. Sasa inaonyesha "anaandika..." toka dakika kumi.