Makato ya UNATU kwenye mshahara, niendelee au nijitoe?

Ticha_Koboko
Habari zenu walimu. Nafundisha P4 (darasa la nne) shule ya serikali huku Koboko, Uganda. Kila nikiangalia slipu ya mshahara naona makato ya UNATU, chama chetu cha walimu, sawa fomu nilisaini mwenyewe, lakini faida siioni. 2022 tuligoma Juni, Julai viongozi wakakutana na Rais tukarudi darasani, wa sayansi wenye digrii wakapanda hadi milioni 4 sisi wa primari tukabaki na ileile laki tano kasoro. Sasa hiki chama ni cha nini? Nishaurini.

Mama Darasa
Pole kaka. Mimi nilikuwa na hasira kama zako. Ila kuna mwenzetu hapa Busia alilazwa na mtoto, hedimasta akaandika wilayani kwamba ametoroka kazi, na unajua ukishaitwa mtoro jina linafutwa kwenye orodha ya mishahara halafu kulirudisha ni miezi ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi. Mwakilishi wa chama akaenda naye mbele ya kamati, karatasi za hospitali mkononi, yakaisha. Hayo redioni huyasikii.

Historia_Mbale
Mama umesema kweli lakini mimi nilihama zamani. Nafundisha historia, jirani yangu wa kemia anapata karibu mara nne yangu na vipindi tunalingana!! Chama kimoja hakiwezi kututetea wote wawili, ndo maana walimu wa sanaa tuna chama chetu, UPHTU, na 2025 tuligoma wenyewe.

Chaki
Mkigawanyika hivyo serikali inacheka tu.

Ticha wa Praiveti
Nyie angalau mna cha kukatwa. Korona ilipofunga shule 2020 wa serikali mliendelea kulipwa, sisi mkurugenzi alizima simu, mpaka shule zinafunguliwa Januari 2022 wenzangu wengine walishazoea kukaanga chapati hawakurudi. Barua ya ajira sina mpaka leo. Katiba ibara ya 40 inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama, haya, mwambie mkurugenzi wangu hivyo uone kama kesho utaingia getini.

Ticha_Koboko
Dah. Mama Darasa, huyo mwakilishi mlimpataje? Hapa kwetu hata simjui.

Mama Darasa
Tulimchagua kwenye mkutano wa tawi, tulikuwa wachache mno, wengi walikwenda shambani. Uliza katibu wa wilaya yenu, na kabla hujajitoa gombea wewe.