Je, ni sahihi kumwita Kabaka Mwanga shoga katika tasnifu?

Mwanafunzi, Kampala
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu nadharia za utambulisho wa mashoga, wasagaji na watu wanaovutiwa na jinsia zote mbili. Msimamizi wangu anataka nimtaje Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda mwishoni mwa karne ya 19, kuwa ushahidi kwamba mashoga walikuwapo Buganda kabla ya ukoloni. Lakini mwanasosholojia Mary McIntosh aliandika mwaka 1968 kwamba ushoga ni nafasi ambayo jamii humpangia mtu, na kwamba nafasi hiyo ilijitokeza Uingereza mwishoni mwa karne ya 17. Neno lenyewe pia linanisumbua. Bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Jinja, alikuwa akisimama mlangoni kwa jirani yake na kuita, "Shoga, upo?", akimaanisha mwanamke mwenzake wa kupeana siri na chumvi.

Mwalimu mstaafu, Masaka
Mwanangu, tendo ni jambo moja; kumfanya mtendaji kuwa aina ya mtu ni jambo jingine, na mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliliweka badiliko hilo katika Ulaya ya karne ya 19. Habari za Mwanga na vijana wa ikulu zimetufikia zaidi kupitia wamisionari na waongofu, watu waliokuwa wakiwaombolezea wenzao waliouawa kwa amri yake kati ya 1885 na 1887, baadhi yao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wanatueleza Kabaka alitaka nini na nani alimkatalia. Hawatuelezi alijiona kuwa nani. Usiandike utambulisho pale ambapo chanzo kina tendo tu.

Dada wa Mbale
Mwalimu amesema kweli, ila mbona mnazungumzia wanaume tu? Mwaka 1980 mshairi Mmarekani Adrienne Rich aligeuza swali: badala ya kuuliza mwanamke amekuwaje msagaji, tuulize jamii inamsukumaje kila mwanamke kwa mwanamume. Hapa kwetu, ambako wanawake wengi hupata shamba la kulima kupitia mume, swali hilo lina uzito mkubwa. Na anayependa jinsia zote mbili hupotea kabisa, kwa sababu akishaolewa na kuzaa, hakuna anayemhesabu tena. Ningekuwa wewe, sura ndefu kuliko zote ingekuwa hiyo.

Wakili, Kampala
Sheria yetu imepita katika mvutano huohuo kati ya tendo na utambulisho. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza iliadhibu tendo "kinyume cha maumbile". Muswada wa Kupinga Ushoga wa Machi 2023 ulifanya hata kujitambulisha kama shoga kuwa kosa. Rais akaurudisha bungeni, na sheria aliyoisaini Mei ikarudi kwenye tendo, pamoja na kifungo cha hadi miaka 20 kwa "kukuza" ushoga. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta wajibu wa kuwaripoti washukiwa, lakini kosa la kukuza limebaki. Kwa hiyo tumia maandishi yaliyochapishwa na nyaraka, wala usimhoji mtu kabla ya kibali cha kamati ya maadili. Jina moja lililosahaulika katika simu yako linaweza kumpeleka mtu gerezani.

Mwanafunzi, Kampala
Nawashukuru sana. Nimefuta kichwa "Mashoga wa Ikulu" na kuandika "Matendo, utii na ushuhuda wa waongofu, 1885–1887". Bibi atafungua sura ya istilahi.