Wasifu wa mwandishi: "mimi" au "yeye"?

Kalamu Mbili: Wasifu ulio kwenye tovuti yangu nimeuandika kwa nafsi ya tatu, kana kwamba kuna mtu aliyenichunguza akaandika habari zangu, ilhali kila msomaji anajua kwamba tovuti ni yangu na maneno ni yangu. Je, si afadhali niseme "mimi" tu?

Mhariri Mstaafu: Nafsi ya tatu ina kazi yake. Mtangazaji au mwandaaji wa tamasha huunakili wasifu kama ulivyo na kuusoma mbele ya watu. Akikuta "nilizaliwa", itambidi aubadilishe sentensi kwa sentensi, na atakosea. Kinachoniudhi mimi si "yeye", bali ni "mwandishi chipukizi". Neno hilo huomba huruma kabla kitabu hakijafunguliwa.

Mche wa Jana: Mhariri, mimi nimejiita chipukizi kwa miaka 11, wala sikumwomba mtu huruma. Ulitaka nijiite "mahiri", kama wale wenye kitabu kimoja na picha kumi na nne?

Mhariri Mstaafu: Kwa miaka 11, ndugu yangu, hata mche huwa umekwisha kuwa mti. Taja kitabu, mwaka kilipotoka na mambo unayoyaandikia, kisha umwachie msomaji sifa azitoe mwenyewe.

Msomaji wa Pembeni: Mnagombania sifa, na ukweli je? Kuna yule mwandishi wa Uingereza ambaye wasifu wake ulimtia uaskari, kumbe jeshini hakuwahi kukanyaga.

Mhariri Mstaafu: Huyo ni J. K. Rowling, mwaka 2013, alipotumia jina la Robert Galbraith; wasifu ulidai kwamba Galbraith aliwahi kuwa polisi wa jeshi. Siri ilifichuka mwaka huohuo. Lakini lile lilikuwa jina la kubuni, na mwenye jina la kubuni lazima apewe maisha fulani.

Mche wa Jana: Kwa hiyo kujibunia jeshi kunasameheka, ila "chipukizi" ndilo kosa! Wangu huu hapa, uupime: "Ni mwandishi chipukizi anayependa kusoma, kusafiri na kusikiliza muziki."

Msomaji wa Pembeni: Uniwie radhi, lakini hata mimi nisiyeandika chochote napenda kusoma, kusafiri na kusikiliza muziki. Uliwahi kutusimulia hapa kwamba riwaya yako uliiandika usiku, ukiwa mlinzi wa ghala, nyuma ya kurasa za daftari la kuorodheshea magari. Mbona hilo halimo?

Mche wa Jana: Halimo kwa sababu nililionea haya. Haya, nimeandika upya: "Aliandika riwaya yake ya kwanza akiwa mlinzi wa zamu ya usiku, nyuma ya kurasa za daftari la magari." Neno "chipukizi" nimelifuta, lakini si kwa ajili ya Mhariri.

Mhariri Mstaafu: Na umeandika "aliandika", si "niliandika".

Kalamu Mbili: Jamani, na mimi je?